Sabuni ya maji isiuzwe kwenye chupa za maji ya kunywa

Mhariri,

Wengi huchagua sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa uzito wake. Uzito si kipimo. Chumvi kidogo tu huifanya iwe nzito. Mimi naipima kwa sufuria iliyopikiwa samaki wa nazi: nasugua, nasuuza, kisha napitisha kidole. Kisiteleze, kisinuke shombo.

Huku Kigamboni visima vingi vina maji ya chumvi. Sabuni ya mche huacha utando mweupe kwenye glasi, ya maji haiachi. Ninayoipenda hutengenezwa hapahapa mtaani, ila huuzwa kwenye chupa za maji ya kunywa, bila lebo. Mtoto mwenye kiu atajuaje? Watengenezaji, tafadhali tumieni madumu yenye lebo.

Msomaji wenu,
Kigamboni, Dar es Salaam