Mchwa Hana Kosa Peke Yake

Miche michanga ya mikaratusi inaponyauka shambani, mkulima wa Afrika Mashariki humlaumu mchwa na kuuliza ni sumu gani itumike. Hasara yake ni ya kweli. Mchwa huguguna gome la mzizi mkuu, chini kidogo ya uso wa ardhi, hata likaisha pande zote. Mzizi hukosa chakula kitokacho majanini, na mche hufa. Hata hivyo, kabla ya kuuliza habari za sumu, yafaa kuuliza kwa nini mche huo umeshindwa mahali hapo.

Asili ya mikaratusi mingi ni Australia. Nchi hiyo ina mchwa wengi, lakini haina mchwa wakuzao kuvu, kama vile Macrotermes, Odontotermes na Microtermes, ambao wameenea Afrika. Hao hukusanya majani makavu na miti iliyokufa, wakastawishia kuvu ndani ya viota vyao na kujilisha kwayo. Ardhi inapofyekwa na masalio yote kuchomwa moto, mchwa hunyang'anywa chakula chake cha desturi. Kinachobaki mbele yake ni mche mgeni, ambao mara nyingi umedhoofishwa na ukame au na mizizi iliyojikunja ndani ya mfuko wa kitalu.

Kwa miaka mingi udongo wa miche ulitiwa aldrini na dieldrini. Sumu hizo hudumu ardhini muda mrefu na kujilimbikiza katika mafuta ya miili ya viumbe. Kwa sababu hiyo, Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliziweka miongoni mwa kemikali za kukomeshwa. Kubomoa vichuguu nako hakutoshi, kwani Microtermes huishi katika vyumba vilivyotawanyika chini ya ardhi bila kujenga kichuguu chochote.

Wala haifai kutamani mchwa atoweke. Njia zake hupitisha maji na hewa udongoni, naye huoza mabaki ambayo yangerundikana, na kumbikumbi wake ni kitoweo cha watu wengi.

Hivyo basi, hapana budi kuanza na kinga: kuchagua aina ya mti iendanayo na mvua ya mahali, kupanda miche yenye afya mvua zinapoanza, na kutochoma masalio yote ya mimea. Sumu iliyoidhinishwa itumike mwisho, kwa kiasi, pale tu inapothibitika kuwa yahitajika.

Uthibitisho huo waweza kufundishwa shuleni. Mchwa aonekanaye katika mche mkavu si lazima awe ndiye aliyeuua, maana hula pia vilivyokwisha kufa. Wanafunzi na wang'oe miche inayoanza kunyauka, waichunguze mizizi, na kuandika waliyoyaona. Taifa litakalojua kwanza kilichoiua miti yake halitamwaga sumu bure.