Amana Iliyosahauliwa Ndani ya Mashine ya Fotokopi

Mkazi wa kijiji cha Kalengera aendaye Goma kwa haja ya shule aghalabu hutakiwa fotokopi ya kadi yake ya mpiga kura, ambayo nchini Kongo ndiyo kitambulisho cha raia walio wengi. Naye, akisharudishiwa kadi yake, hadhani kwamba mashine nyingi kubwa za ofisini zina diski iwezayo kuhifadhi sura ya kila waraka uliolazwa juu ya kioo, wala hajali ile nakala yenye wino hafifu iliyotupwa chini, ambayo kesho yaweza kufungiwa karanga. Huko New York, kampuni ya bima ya Affinity ilirudisha mashine ilizokodi zikiwa na siri za wagonjwa, na mwaka 2013 ikalipa zaidi ya dola milioni 1.2. Huko Goma, mji uliotekwa Januari 2025, ambamo jina na asili ya mtu vyaweza kumletea hatari, hasara ya siri kama hizo kuvuja haihesabiki kwa fedha. Twawasihi basi wakuu wa ofisi na mashirika: kabla ya kuuza au kurudisha mashine, futeni diski yake, au ing'oeni muiharibu.