KURA YA SIMU NA KIMYA CHA VISIWANI

Kila msimu wa uchaguzi unapokaribia, wananchi hutangaziwa kwamba watu wameulizwa kwa simu na wamekwisha kusema ni nani atakayeshinda na kwa asilimia ngapi. Wasomaji wetu wa Mafia, Unguja na Pemba, pamoja na wavuvi na wakulima wa hapa Bagamoyo, huzisoma tarakimu hizo na kuulizana: aliyeulizwa ni nani? Swali hilo ni la haki, nalo lastahili jibu.

Yafaa tuanze na yale yanayojulikana. Mwaka 2013 shirika la Twaweza lilianzisha utaratibu uitwao Sauti za Wananchi. Wahoji walizifikia kwanza kaya zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, wakawapa wahojiwa simu na vifaa vya kuzichaji kwa jua, kisha wakawa wanawapigia kila walipokuwa na maswali. Njia hiyo ni bora kuliko kupiga simu ovyo, kwa kuwa hata asiyekuwa na simu hupata nafasi ya kuhojiwa. Hata hivyo, utaratibu huo nao umezusha malalamiko, na malalamiko yenyewe yana mafunzo.

Mwezi Septemba 2015 shirika hilo lilitangaza kwamba asilimia 65 ya waliohojiwa wangempigia kura Ndugu John Magufuli wa CCM, na asilimia 25 Ndugu Edward Lowassa wa CHADEMA, aliyeungwa mkono na umoja wa UKAWA. Wapinzani waling'aka, wakasema wameonewa. Baada ya kura za tarehe 25 Oktoba, Tume ya Taifa ya Uchaguzi ilimtangaza Ndugu Magufuli kuwa mshindi kwa asilimia 58.46, naye Ndugu Lowassa akapata asilimia 39.97. Mshindi alikuwa ametajwa sawasawa. Lakini pengo lililotabiriwa kuwa la asilimia 40 lilitokea kuwa chini ya asilimia 19. Kampeni za wiki saba zaweza kubadili nia za watu, na waliokuwa hawajaamua waliamua baadaye. Lakini pia hatuwezi kupuuza uwezekano kwamba wako waliokuwa na jibu wakalificha.

Miaka mitatu baadaye kilio kikahama upande. Mwezi Julai 2018 shirika hilohilo lilitangaza kwamba wananchi walioridhika na utendaji wa Rais walikuwa asilimia 96 mwaka 2016, wakawa 71 mwaka 2017, na sasa wamefikia 55. Mara Tume ya Sayansi na Teknolojia ikahoji kibali cha utafiti ule, na pasi ya mkurugenzi wa shirika ikachukuliwa na Uhamiaji. Mwezi Septemba mwaka uleule Bunge liliibadili Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015, likaweka adhabu kwa mwenye kutangaza takwimu za kupotosha au kutengua zile za Serikali. Na mwezi Juni 2019 likalazimika kuirekebisha tena na kulilegeza katazo hilo.

Sisi tunasema kwamba mwenye kuilaumu mizani siku ile tu inapompa ratili chache, hatafuti haki. Tarakimu zilizopendeza mwaka 2015 hazikudaiwa kibali kwa ukali ule; zilizochukiza mwaka 2018 zilidaiwa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na kiongozi anayepewa sifa peke yake hatajua ni lini tembo lake limekwisha kuchujuka.

Lakini kuwatetea wapimaji wasiadhibiwe si kusema kwamba vipimo vyao havina kasoro. Kasoro tuzionazo ni tatu.

Ya kwanza ni ya visiwani. Taarifa hizo za 2015 na 2018 zilikuwa za Tanzania Bara peke yake, na wenyewe waliotoa waliandika hivyo. Lakini habari ilipofika mitaani, neno Bara lilianguka njiani, ikasemwa kwamba Watanzania wamesema. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar. Hawa humpigia kura Rais wa Muungano kama wenzao wa Bara, na siasa zao zina mkondo wake. Haifai wahesabiwe kuwa wamesema hali hawakuulizwa. Na ndugu zetu wa Mafia, ingawa wamo katika Mkoa wetu wa Pwani, ni wachache mno hata katika hesabu ya watu elfu moja na mia chache huenda asipatikane hata mmoja wa Jibondo au Chole.

Ya pili ni hofu. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole uliofanyika mwaka 2019 na mwanzoni mwa 2020, kila namba ina jina la mwenyewe. Mama wa Mlingotini aliyetoka kuvuna mwani, akipigiwa na mtu asiyemjua na kuulizwa kama ameridhika na Serikali, atajuaje kwamba jibu lake halitafika ofisi ya kata? Atasema lile lisilo na madhara, au atakata simu. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo huo husikika siku ya kura.

Ya tatu ni swali lenyewe. Ukimwuliza mtu, "Je, wakubali kwamba maendeleo makubwa yaliyoletwa na viongozi wetu yaendelezwe?" umekwisha kumtilia jibu mdomoni. Huko si kuuliza, ni kampeni iliyovaa kanzu ya utafiti.

Wala kasoro hizi si zetu peke yetu. Nchini Marekani mwaka 1936, gazeti la Literary Digest lilipeleka karatasi za maswali kama milioni kumi, likiyatoa majina mengi katika vitabu vya simu na orodha za wenye magari. Zaidi ya milioni mbili zilirudi, na gazeti likatangaza kwamba Alf Landon atashinda. Aliyeshinda ni Franklin Roosevelt, katika majimbo 46 kati ya 48. Wingi wa majibu haukuwa dawa ya kuwasahau wasio na simu.

Kwa hiyo tunawataka wapimaji watangaze wazi, pamoja na kila asilimia, ni nani aliyelipia kazi hiyo, watu wangapi walipigiwa, wangapi walikataa kujibu, swali lilisomwaje, na ni sehemu gani za nchi zilizoachwa. Zanzibar ihojiwe kwa kadiri yake, na matokeo yake yaonyeshwe peke yake. Magazeti nasi tusilifute neno Bara kwa kutafuta kichwa cha habari kizito.

Na kwa wakuu wa Serikali tunasema hivi: takwimu mbaya hujibiwa kwa takwimu bora, wala si kwa kunyang'anya pasi. Mwananchi akiona mpimaji anaadhibiwa, naye mpimwaji atafunga mdomo, na hapo Serikali itabaki kusikiliza mwangwi wa sauti yake yenyewe. Kiongozi anayetaka kujua watu wa Mafia na Pemba wanasema nini, hana budi kuhakikisha kwanza kwamba wanaweza kulisema bila ya kuogopa.