Waliokwambia gemu zinaua usomaji hawajafika Atamipek

Juzi nilikaa kwenye kiti cha plastiki, jua likinichoma utosini, nikimsubiri mgeni wa heshima aje kuwaaga wanafunzi wa kidato cha nne. Alichelewa, kama ilivyo ada ya wageni wa heshima. Alipofika alishika maikrofoni akatangaza kwamba vijana wa leo hawasomi kwa sababu ya gemu. Wazazi wakapiga makofi. Walimu nao wakapiga makofi. Mimi nilinyamaza kwa kumstahi aliyenialika, lakini sasa niko kwangu na kalamu ni yangu.

Bwana huyo hajawahi kucheza gemu hata moja. Sina ushahidi, ila nitaapa. Angecheza Kona, asingethubutu.

Kona ilitengenezwa na kampuni ndogo ya Parabole, huko Quebec nchini Kanada, ikatoka 2017. Kisa kinatokea mwaka 1970 kaskazini mwa jimbo hilo, karibu na ziwa linaloitwa Atamipek. Carl Faubert, mpelelezi wa kukodiwa, ameitwa na tajiri mmoja, Hamilton, anayelalamika kwamba kuna watu wanaharibu mali yake. Carl anapata ajali njiani, na dhoruba ya theluji inamfungia huko huko. Anajikokota hadi dukani kutafuta msaada, na anayemkuta humo ni Hamilton mwenyewe, maiti. Kwingineko kimya. Nyumba zipo, watu hawapo.

Sasa utafanya nini? Utasoma. Huna wa kumuuliza, kwa hivyo unaingia nyumba baada ya nyumba, unafungua droo, unasoma barua za watu, shajara zao, vikaratasi walivyoachiana. Unaanza kujua nani alikuwa na kinyongo na tajiri, nani alikuwa na hofu na ya nini. Carl ana daftari lake la ushahidi na kamera yake, na wewe ndiye wa kuunganisha mambo. Usiposoma, utabaki kuzungukazunguka kwenye theluji ukila baridi. Na baridi ile haina mzaha: ili uwashe jiko la kuni lazima uwe na magogo, kiberiti na kiwashio, na mzigo unaoweza kubeba una kikomo. Mbwa mwitu nao wanakusubiri njiani, na risasi ni za kuhesabu. Lakini hayo yote ni ya kukufikisha salama kwenye karatasi inayofuata. Narudia kwa ajili ya mgeni wa heshima: katika mchezo huu, asiyesoma haendi popote.

Nilipomweleza haya mzazi aliyekaa kando yangu, alinikatiza. “Theluji na sisi wapi na wapi? Hizo si mila zetu.” Nilitaka kucheka. Sisi tuliosoma jiografia sekondari tulikaririshwa kilimo cha ngano cha Kanada na misitu ya misonobari ya British Columbia hadi tukaiota usiku. Tukajibu maswali ya mtihani kuhusu magogo yanayoelea mtoni, mito ambayo hatukuiona wala hatutaiona. Hakuna mzazi aliyelia mila wakati ule. Theluji ya kitabu cha kiada ni elimu, theluji ya skrini ni upotovu! Basi tufute na somo la jiografia tujue moja.

Wengine husema gemu ni kuuana tu. Wamewahi kusikia The Long Dark? Nayo ni ya Wakanada, kampuni ya Hinterland, na iko huko huko nyikani kwenye barafu. Ukifa katika sehemu yake ya kunusurika tu, safari yako yote inaweza kufutwa, ukaanza upya. Ni mchezo wa kuhesabu njiti za kiberiti na kuogopa usiku. Kama huo ndio unaofundisha ukatili, sijui kriketi inafundisha nini.

Na kama kweli tunaogopa kinachoteketeza vijana, mbona yule mgeni hakutaja kamari hata mara moja? Pale nje ya lango la shule, hatua chache kutoka tulipokaa, kibanda kina mashine za kutumbukiza sarafu, na mvulana aliyevaa sare alikuwa ameinamia mojawapo. Hiyo haina hadithi, haina barua ya kusoma, haina siri ya kufumbua. Ina nauli ya mtoto. Sikuona mtu aliyeipigia kelele. Ni rahisi kuigombeza gemu, maana haina mwenyewe hapa kijijini.

Halafu tuambiane ukweli kuhusu usomaji. Mtoto wetu anasoma kitabu teule kwa sababu kitatahiniwa, na siku mtihani ukiisha anakitupa, wengine wanakichoma moto. Nani aliwahi kumpa barua ya kusoma kwa sababu tu anataka kujua nani alimuua Hamilton? Kona inafanya hivyo, tena kwa Kiingereza na Kifaransa, kwa kuwa hatuna aliyejisumbua kututafsiria. Hilo lingemfaa mgeni wa heshima kulalamikia. Mwaka 2023 ilitoka hata sehemu ya pili, Kona II: Brume, nayo haikuja na neno la Kiswahili.

Si mchezo wa mtoto mdogo, nakubali. Una maiti, sigara na bia. Lakini hawa tuliokuwa tunawaaga wanakaribia kupata vitambulisho vya taifa.

Kwa hivyo, mzazi, likizo hii ndefu keti na kijana wako jioni moja, umwambie akusomee kwa sauti barua za watu wa Atamipek. Akishindwa kuzisoma, usiende kumgombeza mwenye gemu. Nenda kamuulize mwalimu wake.