Uchambuzi: Ukurasa usipofunguka Muhima, lori husimama Rusumo

KIGALI – Wafanyabiashara wanaoingiza bidhaa Rwanda kupitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam wamezoea kuhesabu hatari za barabarani: pancha, mizani, mvua na foleni ya mpakani. Hatari moja huwa hawaihesabu, kwa kuwa haiko barabarani. Iko katika ofisi za mawakala wa forodha na wasafirishaji, kama zile za Muhima, kwenye mteremko unaotoka katikati ya mji kwenda Nyabugogo. Kompyuta ya ofisi inapokataa kufungua ukurasa wa forodha, lori lenye mzigo halali hukosa kibali cha kuendelea na safari, hata kama dereva, matairi na mafuta viko tayari.

Mwenye mzigo akipiga simu huambiwa maneno mawili matatu: hakuna rezo, au sistimu iko chini. Jibu hilo halimsaidii kuamua lolote. Hajui kama asubiri dakika kumi au siku mbili, wala hajui amdai nani gharama za kuchelewa. Mara nyingi hata aliyelitoa hajui, kwa sababu hakuna aliyepima tatizo liko wapi.

Kazi ilihama mpakani

Uzito wa jambo hili umekua kwa hatua. Mwaka 2012 Mamlaka ya Mapato ya Rwanda ilianza kutumia dirisha moja la kielektroniki, lililojengwa juu ya mfumo wa ASYCUDA World wa shirika la Umoja wa Mataifa la UNCTAD. Mwaka 2014 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zikaanza kutekeleza Himaya Moja ya Forodha. Chini ya utaratibu huo, tamko la bidhaa huwasilishwa na kodi hulipwa katika nchi mzigo unakokwenda, wakati mzigo wenyewe bado uko bandarini. Mwaka 2016 kituo cha pamoja cha mpakani kikafunguliwa rasmi Rusumo, ili lori lisimame mara moja badala ya mbili.

Faida zake zinajulikana kwa kila msafirishaji. Lakini kazi iliyokuwa ikifanywa kwa karatasi na mihuri mpakani haikutoweka. Sehemu kubwa ilihamia ofisini, mbele ya kompyuta. Kwa hiyo waya wa intaneti wa ofisi ya Muhima umekuwa kipande cha barabara ya Kigali hadi baharini. Ajabu ni kwamba kampuni zenye ratiba kali ya kubadili oili ya magari hazina mtu wa kukagua ruta iliyofungwa nyuma ya kabati.

Sehemu nne za kuharibika

Ukurasa usipofunguka, kosa huwa katika moja ya sehemu nne: ndani ya ofisi, kwa kampuni inayouza intaneti, katika njia ya kimataifa, au katika mfumo wa mamlaka yenyewe. Kila sehemu ina mwenyewe na dawa yake. Kuzichanganya ndiko kunakopoteza saa nyingi, kwani ofisi humsubiri mtu ambaye hana kosa.

Kuzitenganisha hakuhitaji mhandisi. Swali la kwanza ni kama kompyuta zote zimekwama au ni moja tu. Ikiwa ni moja, kosa ni lake: waya umelegea, waifai imeshika mtandao wa jirani, au kivinjari kimewekewa proksi ambayo haipo tena. Swali la pili ni kama kurasa zote zimekataa au ni ule wa forodha tu. Kipimo cha tatu ni simu ya mkononi. Ukurasa uleule ukifunguka kwa data ya simu ya kampuni nyingine, mfumo wa mamlaka ni mzima na hakuna sababu ya kuilaumu.

Kipimo cha nne ni amri ya ping, iliyomo ndani ya kila kompyuta ya Windows. Huanza na namba ya ruta, ambayo katika ofisi nyingi ni 192.168.1.1 au inayofanana nayo. Ruta isipojibu, tatizo liko ndani ya kuta za ofisi. Ikijibu, hujaribiwa namba ya nje, kwa mfano 8.8.8.8 ya Google. Namba hiyo isipojibu, kampuni ya intaneti ndiyo ya kupigiwa simu. Ikijibu, lakini jina la tovuti yoyote halijibu, basi kilichoharibika ni huduma ya kutafsiri majina kuwa namba, ambayo mafundi huiita DNS. Hapo intaneti ipo, ila kompyuta haijui pa kwenda, kama dereva mwenye lori zima lakini asiyejua bohari iko mtaa gani. Tahadhari moja: seva nyingi za serikali na benki hazijibu ping kwa sababu za usalama, hivyo ukimya wake si ushahidi kwamba zimekufa.

Makosa yanayojirudia ofisini

Ndani ya ofisi kuna makosa machache yanayorudi kila mara. La kwanza ni ruta ya pili iliyonunuliwa kuongeza nguvu ya waifai. Ikichomekwa vibaya huanza kugawa anwani zake yenyewe, na kompyuta zinazozipokea hupotea njia. Kompyuta yenye anwani inayoanza na 169.254 nayo inasema wazi kwamba imeomba anwani na hakuna aliyempa.

La pili ni mlafi wa laini. Kompyuta moja inayoshusha masasisho ya Windows saa nne asubuhi, au kamera za ulinzi zinazopeleka picha nje mfululizo, zinaweza kuziba laini nzima. Ukurasa wa forodha huanza kufunguka, halafu muda wake unakwisha kabla ya tamko kuwasilishwa. Kazi hizo zikipangiwa usiku, laini hupumua mchana.

La tatu ni saa. Umeme ukikatika mara kwa mara na betri ndogo ya ndani ya kompyuta ikichoka, tarehe hurudi miaka nyuma. Kurasa salama hutegemea vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kwisha, hivyo kivinjari huona cheti si halali na kukataa. Ofisi inaweza kupoteza asubuhi nzima kwa kosa ambalo dawa yake ni kurekebisha tarehe na kununua betri ya bei ndogo.

La nne ni virusi. Mfano mkubwa ni DNSChanger, iliyobadilisha mipangilio ya majina katika kompyuta takriban milioni 4 duniani. Wahusika walikamatwa Novemba 2011 kufuatia uchunguzi wa FBI ya Marekani, na seva za muda zilizowekwa kuwasaidia waathirika zikazimwa tarehe 9 Julai 2012. Siku hiyo, kompyuta ambazo hazijasafishwa zilikosa kurasa zote ingawa nyaya zake zilikuwa nzima.

Nanga baharini, usumbufu Kigali

Sehemu ya tatu, njia ya kimataifa, iko nje ya uwezo wa ofisi yoyote, lakini inafaa kueleweka. Rwanda haina bahari. Hadi 2009 Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti, iliyokuwa ghali na yenye kuchelewa. Mwaka huo mikongo ya SEACOM na TEAMS ilianza kazi, na EASSy ikafuata 2010. Kutoka Mombasa na Dar es Salaam mawasiliano hupanda hadi Kigali kwa nyaya za nchi kavu, karibu sawasawa na malori.

Februari 2012 meli iliyokuwa ikisubiri kuingia bandari ya Mombasa iliangusha nanga juu ya mkongo wa TEAMS na kuukata, siku chache baada ya mikongo mingine kukatika katika Bahari ya Shamu. Februari 2024 mikongo mitatu ilikatika katika bahari hiyohiyo, na inaaminika chanzo kilikuwa nanga ya meli Rubymar iliyoshambuliwa na Wahouthi. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja karibu na pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikazorota katika nchi nyingi za ukanda huu, Rwanda ikiwemo.

Hapa kuna jambo ambalo ofisi nyingi hulisahau. Mikongo ya baharini ikikatika, si lazima tovuti za Kigali nazo zife. Rwanda ina kituo cha kubadilishana mawasiliano ya ndani, RINEX, tangu 2004, na safari ya kutoka Muhima hadi seva iliyo Kigali inaweza kumalizikia humohumo nchini. Lakini ofisi iliyoweka seva ya majina ya ng'ambo peke yake inaweza kuukosa ukurasa ulio kilomita chache tu, kwa sababu inauliza njia ughaibuni. Kuweka seva ya majina ya kampuni ya intaneti ya hapa nchini pamoja na ya nje ni kinga isiyogharimu kitu.

Kompyuta zilizopitwa na wakati

Tatizo jingine huja polepole. Mifumo ya forodha ya kizazi cha ASYCUDA World ilitegemea programu ya Java. Chrome iliacha kabisa kuikubali Java ndani ya kivinjari mwaka 2015, na Firefox ikafuata 2017. Internet Explorer, ambayo ofisi nyingi ziliihifadhi kwa ajili ya mifumo ya zamani, ilistaafishwa Juni 2022. Tarehe 30 Septemba 2021 cheti kimoja cha msingi kilichokuwa kikithibitisha tovuti nyingi duniani kilimaliza muda wake, na kompyuta na simu za zamani zikaanza kuzikataa tovuti zilizo salama.

Sasa zamu ni ya Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia bure tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta hizo hazikuzimika siku hiyo. Hata hivyo uzoefu wa Windows 7 unaonyesha kinachofuata: Chrome iliacha kutoa matoleo mapya kwa ajili yake Februari 2023, na kila mwaka unaopita kurasa zinazokataa huongezeka. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nani alipe?

Swali hili ndilo linalogusa mfuko. Kontena likizidisha siku bandarini kuna gharama za hifadhi na demareji. Lori likisimama kuna posho ya dereva na safari inayofuata iliyopotea. Bila kumbukumbu ya saa tatizo lilipoanza, kipimo kilichofanywa na majibu yaliyopatikana, mwenye mzigo, wakala na kampuni ya intaneti watabishana bila ushahidi. Daftari moja mezani, lenye tarehe, saa na matokeo ya vipimo vile vinne, lina thamani kuliko barua kumi za malalamiko.

Laini ya akiba nayo inahitaji kuchunguzwa kabla ya kulipiwa. Kununua kwa kampuni mbili si lazima kuwa na njia mbili. Kuanzia 2014 huduma ya 4G nchini Rwanda iliuzwa kwa jumla na kampuni moja tu, KT Rwanda Networks, hadi soko lilipofunguliwa 2023. Katika miaka hiyo, ofisi yenye modemu mbili za 4G za kampuni mbili ilikuwa juu ya minara ileile. Swali la kumuuliza muuzaji leo ni njia anayopita: je, mawasiliano yake hushuka kwa upande wa Uganda na Kenya, au kwa Tanzania? Huduma ya setilaiti ya Starlink, inayouzwa Rwanda tangu 2023, ni njia ya tatu isiyotegemea nyaya za barabarani, ingawa nayo inataka umeme.

Kwa mwenye mzigo, hatua ya maana ni kuliingiza suala hili katika makubaliano yake na wakala: ofisi iwe na laini ya pili ya njia tofauti, betri ya akiba ya kuendesha ruta umeme ukikatika, na wajibu wa kutoa taarifa ya vipimo ndani ya saa moja. Wakala anayeweza kusema kwa uhakika "kosa liko kwa kampuni ya intaneti tangu saa tatu na robo, tumehamia laini ya pili" anauza huduma tofauti kabisa na yule anayesema hakuna rezo. Tofauti ya bei kati yao, ikiwapo, huenda ikawa ndogo kuliko gharama ya lori moja kulala Rusumo.