Tusiite Kila Jani Lenye Mwiba Mkonge

Watu wengi, wakiona mmea wenye majani manene na ncha kali, husema mara moja, "Huu ni mkonge." Kwa maoni yangu desturi hii haifai. Jina lililotamkwa kwa haraka hufunga macho, na asiyelitazama jani hajui anachopanda shambani wala anachojipaka mwilini.

Mkonge wa nyuzi, ambao wataalamu huuita Agave sisalana, asili yake ni Meksiko. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche 1000 kutoka Florida ili ipandwe Tanganyika. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Litazameni jani lake. Ni refu na limenyoka kama upanga. Kingo zake hazina meno, ila nchani pana mwiba mmoja mweusi, urefu wake kama inchi moja.

Sasa litazameni jani la Agave americana, mmea upandwao kuwa pambo la uani. Hilo ni pana zaidi, rangi yake ni ya kijivu, na kingoni lina meno yaliyopinda kama kulabu. Huko Yucatan uko pia mwingine, Agave fourcroydes. Nao hutoa nyuzi, lakini majani yake yana meno.

Labda mtu atasema, "Basi kazi ni nyepesi: wenye meno si mkonge." La, haitoshi. Mche mchanga wa mkonge huweza kuwa na meno madogo, kisha ukikua majani yake huwa laini kingoni. Tena uko Agave amaniensis, uliopewa jina la Amani katika milima ya Usambara mwaka 1933. Huo nao hauna meno, lakini majani yake yana rangi ya samawati. Kwa hiyo shahidi mmoja hatoshi. Chagueni jani la mmea uliokomaa, mkaangalie kingo, ncha, upana na rangi, yote pamoja.

Wengine huchanganya mkonge na mshubiri. Livunjeni jani: la mshubiri lina ute laini ndani, na la mkonge limejaa nyuzi ngumu. Kosa hili si dogo, kwa maana utomvu wa mimea ya jamaa ya mkonge huwasha ngozi. Ajipakaye akidhani ni dawa ya mshubiri hujiongezea maumivu.

Wako wasemao kwamba mambo haya ni ya wataalamu peke yao. Mimi sikubali. Kwa kawaida mkonge haupandwi kwa mbegu, bali kwa machipukizi ya shinani au kwa miche midogo iotayo juu ya mlingoti wake, na mche hufanana na mama yake. Mkulima akichukua mche usio wenyewe, atapalilia miaka miwili au zaidi kabla ya kukata jani la kwanza. Jasho lote hilo angaliliokoa kwa kumtazama mama wa mche siku ya kwanza.

Basi, wanafunzi, mkiuona mmea wa namna hii, msianze na jina. Anzeni na jani, nalo litawaambia jina. Ila msiinamishe uso karibu na ncha yake, kwa maana mwiba ule hauchagui jicho la mwenye elimu na la asiye nayo.