Matundu Matatu Hayatoshi: Jinsi ya Kuipima Bunduki ya Masafa Marefu

Tarehe 2 Julai, 1860, katika uwanja wa Wimbledon karibu na London, Malkia Victoria wa Uingereza alifungua mashindano ya kulenga shabaha kwa kupiga risasi ya kwanza. Bunduki aliyoitumia ilikuwa imetengenezwa na Joseph Whitworth, mhandisi yule yule ambaye mwaka 1841 alipendekeza nyuzi za skrubu ziwe za kipimo kimoja nchini kote. Ilikuwa imefungwa imara juu ya kiegemeo cha chuma, na kazi ya Malkia ilikuwa kuvuta uzi wa hariri tu. Risasi ilikwenda yadi 400, yaani karibu mita 366, ikatua pungufu ya sentimita 5 kutoka katikati ya shabaha. Watu wakastaajabu, na sifa za bunduki hiyo zikaenea.

Hapana shaka kwamba bunduki ya Whitworth ilikuwa bora. Katika majaribio ya mwaka 1857 ilikuwa imekwisha kuipita kwa mbali bunduki ya Enfield iliyotumiwa na jeshi. Hata hivyo, risasi moja ya Wimbledon haikuthibitisha ubora huo. Bunduki mbovu nayo yaweza kupiga katikati mara moja kwa bahati. Kilichothibitisha ni yale majaribio ya mfululizo, yenye risasi nyingi na umbali mbalimbali. Tena majaribio hayo yalionyesha kwamba shabaha si kipimo pekee: jeshi halikuichukua bunduki ya Whitworth kwa sababu bei yake ilikuwa kubwa mno na mtutu wake ulichafuliwa upesi na masizi ya baruti.

Zaidi ya miaka 160 imepita, na kosa la Wimbledon bado linarudiwa kila mwaka katika biashara ya bunduki za kuwindia.

Ahadi ya kiwanda

Nchini Marekani, ambako uwindaji wa kulungu ni desturi ya mamilioni ya watu, viwanda vingi siku hizi hutengeneza bunduki zinazotangazwa kuwa ni za masafa marefu. Zamani mtu aliyetaka bunduki ya namna hiyo alilazimika kumwendea fundi stadi aitengeneze kwa mkono. Leo mashine zinazoongozwa na kompyuta hukata chuma kwa uangalifu mkubwa, na bunduki iliyotoka kiwandani yaweza kushindana na ile ya fundi. Hata risasi zenyewe zimebadilika. Mwaka 2007 kampuni ya Hornady ilitoa risasi iitwayo 6.5 Creedmoor, iliyopewa jina la uwanja wa kale wa shabaha huko New York. Umbo lake refu na lenye ncha kali huiwezesha kupenya hewa bila kupoteza mwendo wake upesi.

Pamoja na bidhaa hizo huja ahadi. Viwanda kadhaa humhakikishia mnunuzi kwamba bunduki itapiga risasi tatu zisizotengana zaidi ya dakika moja ya pembe. Ifahamike kwamba digrii moja ina dakika 60. Pembe ya dakika moja hufunguka kiasi cha sentimita 2.9 katika umbali wa mita 100, na sentimita 14.5 katika umbali wa mita 500. Mnunuzi huonyeshwa karatasi yenye matundu matatu yaliyokaribiana, naye huamini kwamba amekwisha kuijua bunduki yake. Kwa kweli hajaijua.

Hesabu ya mtawanyiko

Bunduki yoyote, hata ikifungwa kwenye kiegemeo, haipigi mahali pamoja kila mara. Uzito wa baruti hutofautiana kidogo kati ya risasi na risasi, mtutu hutikisika, na risasi zenyewe hazilingani kabisa. Kwa hiyo matundu hutawanyika kuzunguka mahali pa wastani. Mtawanyiko huo ndio tabia halisi ya bunduki. Kama wastani wenyewe uko kushoto au juu ya shabaha, hilo si neno. Mpigaji huzungusha skrubu za darubini na kuurudisha katikati. Lakini hakuna skrubu ya kupunguza mtawanyiko. Ndiyo maana mtawanyiko yapasa ujulikane kabla ya fedha kulipwa.

Taabu ni kwamba matundu matatu husema machache mno. Mtu akikadiria mtawanyiko kwa risasi tatu, kosa la kadirio lake kwa kawaida hufikia theluthi moja ya kadirio lenyewe. Akipiga risasi 20, kosa hushuka mpaka karibu sehemu moja ya tisa. Aidha, nafasi kati ya matundu mawili yaliyotengana zaidi hukua kadiri risasi zinavyoongezeka, kwa kuwa kila risasi mpya yaweza kuangukia nje ya zile zilizotangulia. Hesabu ya uwezekano yaonyesha kwamba kwa bunduki ile ile, kundi la risasi kumi huwa, kwa wastani, na upana wa mara 1.6 wa kundi la risasi tatu. Bunduki inayosifiwa kwa dakika moja kwa risasi tatu itafikia zaidi ya dakika moja na nusu ikipigwa mara kumi. Haijaharibika, imefahamika tu.

Sasa na atazamwe mnunuzi wa bunduki ambayo wastani wake wa risasi tatu ni dakika moja na nusu. Kwa bahati tupu, bunduki hiyo itatoa kundi la dakika moja au pungufu takriban mara moja katika majaribio matano. Akijaribu mara tano, akaihifadhi karatasi nzuri kuliko zote na kuzitupa nyingine akisema, "Hapa upepo ulivuma," au "Hapa mkono ulitetemeka," ana uwezekano mkubwa wa kupata ushahidi anaoutaka. Hapo hakuna aliyesema uongo, lakini ukweli umepotea. Kuchagua matokeo yanayopendeza na kuyaacha yasiyopendeza ni ugonjwa wa kale katika sayansi, nao huwapata wataalamu kama unavyowapata wawindaji.

Mambo ya kuangalia

Mnunuzi mwenye busara afanye nini? Kwanza, aamue anataka kuwinda nini, wapi, na kwa umbali gani. Bunduki nzito hutulia vizuri na humsukuma mpigaji kidogo, kwa sababu kani ile ile inapousukuma uzito mkubwa huupa mwendo mdogo. Lakini atakayepanda milima kutwa nzima ataulaani uzito huo. Mtutu mwembamba ni mwepesi kuchukulika, lakini hupata moto upesi, na chuma kilichopata moto chaweza kujipinda kidogo na kuyahamisha matundu. Kwa hiyo hakuna bunduki iliyo bora kwa kila kazi.

Pili, aijaribu kwa risasi za aina ile atakayowindia, kwani bunduki ile ile yaweza kupenda risasi za kiwanda kimoja na kuzikataa za kingine. Apige zisizopungua 20, akiuacha mtutu upoe, na kila tundu lihesabiwe pasipo kubagua. Tatu, asisahau kwamba mwindaji hupiga risasi yake muhimu kwa mtutu baridi. Basi na aweke karatasi moja, aipige risasi moja tu kwa siku, kwa siku kumi au zaidi. Karatasi hiyo moja itamfundisha zaidi ya makundi mengi ya risasi tatu yaliyopigwa asubuhi moja.

Nne, apime mwendo wa risasi kwa chombo, wala asiamini tu namba iliyoandikwa kwenye boksi. Risasi ya gramu 9.3 ikitoka mtutuni kwa mwendo wa mita 820 kwa sekunde huchukua karibu sekunde 0.7 kufika mita 500, na huwa imeshuka zaidi ya mita 2 chini ya mstari wa mtutu. Risasi mbili zinazopishana mwendo kwa mita 15 kwa sekunde zitatofautiana kiasi cha sentimita 8 kwa urefu zifikapo huko. Tofauti hiyo haionekani kabisa katika karatasi ya mita 100.

Nje ya uwanja wa majaribio

Hapa ndipo jambo lenyewe linapokuwa zito. Karatasi haisikii maumivu, mnyama husikia. Sehemu ya moyo na mapafu ya kulungu, ambayo ikipigwa mnyama hufa upesi, yaweza kufananishwa na duara lenye upana wa sentimita 24 hivi. Risasi ikipita nje yake, humkosa mnyama au humjeruhi akakimbia, akafa kwa mateso baada ya siku nyingi mahali ambapo hakuna atakayemwona.

Na ichukuliwe bunduki ambayo wastani wake wa risasi tatu ni dakika moja kamili, iliyoegemezwa vema na kuelekezwa katikati ya duara hilo. Katika mita 500, pasipo upepo wala kosa lolote la mpigaji, mtawanyiko wa bunduki pekee utazitoa nje takriban risasi 14 katika kila 100. Upepo ukija, mambo hubadilika zaidi. Upepo wa ubavuni wa mita 1 tu kwa sekunde, ambao usoni hausikiki vizuri, huisogeza risasi iliyotajwa kiasi cha sentimita 10 katika umbali huo. Ikiwa makosa ya mwindaji katika kuukadiria upepo ni ya kiasi hicho, risasi zitakazoingia duarani zitakuwa karibu 60 tu katika 100. Mnyama naye hakuapa kutulia: katika sekunde 0.7 kulungu anayetembea kwa mwendo wa mtu huwa amesogea zaidi ya nusu mita.

Umbali ukipunguzwa nusu, ukawa mita 250, mtawanyiko hupungua kwa nusu, na msukumo wa upepo hushuka mpaka karibu robo. Bunduki ile ile, mikononi mwa mtu yule yule, itaingiza karibu risasi zote. Ni dhahiri basi kwamba hatua chache za kunyemelea zina thamani kuliko fedha nyingi za kununulia bunduki ya gharama. Chama cha Boone and Crockett, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1887 na Theodore Roosevelt na wenzake, kimepinga upigaji wa wanyama kwa masafa marefu mno, kikisema kwamba humnyima mnyama nafasi ya kuitumia milango yake ya fahamu kuigundua hatari. Hesabu yaongeza sababu nyingine: humnyima pia mwindaji haki ya kusema kwamba alikuwa na hakika.

Kuna watakaojibu kwamba darubini za kupimia umbali kwa mwanga wa leza na mashine za kukokotoa zimekwisha kuyaondoa matatizo haya. Kweli zimeondoa moja: umbali sasa waweza kujulikana barabara. Lakini hakuna mashine begani mwa mwindaji inayoupima upepo mahali pote risasi itakapopita, wala inayojua mnyama ataazimia nini baada ya nusu sekunde. Namba ya umbali wa kupigia yapasa itoke katika majaribio ya mwindaji mwenyewe, porini, katika upepo na uchovu. Isitoke katika tangazo la kiwanda.

Somo kwa madarasa

Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki hawatamiliki bunduki kamwe; nchini Kenya uwindaji wa starehe ulipigwa marufuku tangu mwaka 1977. Lakini fikra iliyomo humu ni ya kila mtu, na mwalimu aweza kuifundisha pasipo bunduki. Na aweke sakafuni karatasi nyeupe iliyofunikwa kwa karatasi ya kaboni, achore msalaba katikati, na mwanafunzi aangushe gololi kutoka urefu wa mita 2 akiulenga. Aangushe mara 3, wapime nafasi kati ya alama mbili zilizotengana zaidi; kisha aendelee mpaka mara 10, na mpaka mara 30. Makundi ya wanafunzi yalinganishe majibu yao. Wataona wenyewe jinsi alama tatu zinavyompa huyu sifa na yule aibu, ingawa uwezo wao ni mmoja, na jinsi alama 30 zinavyowasogeza pamoja.

Mwanafunzi aliyefanya jaribio hilo hatadanganyika kwa urahisi. Akiambiwa kwamba mbegu fulani ilizaa sana katika shamba moja, au kwamba dawa fulani iliwaponya wagonjwa watatu, atauliza: zilipandwa ngapi? Walitibiwa wangapi? Na wale ambao hawakupona, karatasi zao ziko wapi?